Maji, Jembe na Dini: Makazi ya Wahindu na Waislamu katika Delta ya Bengali hadi Mpaka wa Mwaka 1947

Utangulizi

Delta ya Bengali, yaani nchi tambarare iliyojengwa na mito ya Ganga, Brahmaputra na Meghna kabla ya kumwaga maji yake katika Ghuba ya Bengali, ni miongoni mwa maeneo yenye msongamano mkubwa wa watu duniani. Leo eneo hilo limegawanyika kati ya nchi ya Bangladesh, ambako sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu wapatao milioni 165, na jimbo la Bengali Magharibi nchini India, lililokuwa na watu wapatao milioni 91 katika sensa ya mwaka 2011. Lugha ya walio wengi katika pande zote mbili ni Kibengali, na chakula chao ni wali na samaki. Kinachowatenga ni dini. Upande wa mashariki Waislamu ndio wengi, upande wa magharibi Wahindu ndio wengi, na kati yao umepita mpaka wa kimataifa ambao mchoraji wake alipewa wiki tano tu za kuukamilisha.

Makala haya yanachunguza namna mgawanyiko huo wa makazi ulivyotokea. Maelezo yaliyozoeleka huchukulia kwamba Uhindu na Uislamu ni mataifa mawili yaliyokutana katika ardhi moja, na kwamba mpaka wa mwaka 1947 ulifuata tu mstari uliokuwapo tangu zamani. Hoja yetu ni tofauti. Tunadai kwamba ramani ya dini katika Bengali ilitengenezwa kwanza na mwendo wa mito na kazi ya kufyeka misitu, kwamba watu wenyewe kwa muda mrefu hawakuisoma kama ramani ya dini, na kwamba ni sensa ya kikoloni iliyowafundisha watawala, na baadaye wanasiasa, kuisoma hivyo. Ulipofika wakati wa kukata nchi, maji yalidai haki yake tena, hata dhidi ya hesabu ya vichwa.

Ni muhimu kufafanua istilahi mapema. Katika Kiswahili cha kila siku neno Mhindi humtaja mtu yeyote mwenye asili ya Bara Hindi, awe Mwislamu, Mhindu, Mkristo au Kalasinga. Katika makala haya, Mhindu ni mfuasi wa dini ya Uhindu tu. Aidha, msomaji wa Afrika Mashariki aelewe kwamba Wahindi aliowazoea mjini Mombasa au Unguja walitoka hasa Kutch na Gujarat, upande wa pili kabisa wa Bara Hindi. Mifano ya jamii hizo za kibiashara haitusaidii sana kuelewa nchi ya wakulima wa mpunga.

Mto uliohama

Delta si ardhi iliyotulia. Mito yake hubeba mashapo kutoka milima ya Himalaya, huyatandaza mashambani wakati wa mafuriko, hujaza mikondo yake yenyewe kwa matope, kisha hutafuta njia nyingine. Kwa karne nyingi mkondo mkuu wa Ganga ulipita upande wa magharibi, kwa njia ya mto Bhagirathi, ambao katika sehemu yake ya chini huitwa Hooghly. Huko ndiko zilikostawi nchi za kale za kilimo na miji yenye elimu ya Kibrahmani kama Nabadwip, pamoja na bandari ya Satgaon. Hatua kwa hatua maji yakahamia mashariki, na kufikia mwishoni mwa karne ya 16 sehemu kubwa ya Ganga ilikuwa ikipita katika mkondo wa Padma, ikielekea kukutana na maji ya Brahmaputra na Meghna. Bandari ya Satgaon ilijaa mchanga. Mji mkuu wa Gaur, uliokuwa umesimama kando ya mto, ulihamwa katika miaka ya 1570, mto ukiwa umeuacha na tauni ikiwa imeua watu wake.

Athari ya mabadiliko hayo haikuwa ya kijiografia tu. Upande wa magharibi ulianza kukosa mashapo mapya; mikondo yake ikageuka madimbwi, na katika karne ya 19 homa za malaria ziliteketeza vijiji vizima katika wilaya ya Burdwan. Upande wa mashariki, kinyume chake, ulipata maji mengi na udongo mpya kila mwaka. Ardhi iliyokuwa msitu na kinamasi ikawa tayari kupokea mpunga wa majaruba. Kilichokosekana ni watu wa kuifyeka, na mtu mwenye amri ya kuwakusanya.

Kisa hiki hakikuishia hapo. Baada ya mafuriko ya mwaka 1787 mto Tista ulibadili njia, na katika miaka iliyofuata Brahmaputra nayo ikahamia mkondo wa Jamuna, magharibi ya ule wa awali. Mtafiti anayetaka kuandika historia ya makazi katika nchi hii bila kuwa na ramani ya mito ya kila karne atakuwa anaandika habari za watu wasiokuwa na mahali.

Msitu, hati na msikiti

Utawala wa Waislamu uliingia Bengali mnamo mwaka 1204, pale kamanda wa Kituruki Muhammad Bakhtiyar Khalji alipouteka mji wa Nadia. Kuanzia katikati ya karne ya 14 nchi ilikuwa na masultani wake waliojitenga na Delhi, na katika miaka ya 1570 majeshi ya Akbar yaliiingiza katika himaya ya Wamughal. Hata hivyo, kuja kwa watawala Waislamu si sawa na kusilimu kwa wananchi. Delhi na Agra zilitawaliwa na Waislamu kwa karne nyingi zaidi na kwa ukaribu zaidi, lakini vijiji vilivyozizunguka vilibaki vya Wahindu kwa wingi. Wanaodai kwamba Uislamu ulienezwa kwa upanga wana wajibu wa kueleza kwa nini upanga ulifanya kazi vizuri zaidi kule ulikokuwa mbali.

Mwanahistoria Richard Eaton, katika kitabu chake cha mwaka 1993 kuhusu kuenea kwa Uislamu katika mpaka wa Bengali, alitoa jibu ambalo hadi sasa ndilo msingi wa mjadala. Kwa maoni yake, Uislamu wa mashariki ulienea pamoja na kilimo. Maofisa wa Kimughal walitoa hati za ardhi isiyolipiwa kodi kwa watu walioahidi kufyeka msitu, kuleta wakulima na kujenga mahali pa ibada patakapotunzwa kwa mazao ya ardhi hiyo. Katika wilaya ya Chittagong zimehifadhiwa hati nyingi za namna hii za karne ya 17 na ya 18. Wengi wa waliopewa walikuwa Waislamu: masheikh, mahujaji, maimamu wa vijiji. Msikiti wa nyasi na mianzi ukawa kiini cha kijiji kipya, na watu wa msituni au wa uvuvi waliokuja kulima chini ya mwanzilishi wake wakaingia polepole katika dini yake. Hati za namna hiyo walipewa Wahindu pia, na palipojengwa hekalu, jamii iliyozaliwa ilikuwa ya Kihindu. Dola haikuwa na sera ya kusilimisha. Ilichotaka ni jembe, mpunga na utii.

Kumbukumbu za wananchi zinaafikiana na picha hiyo kwa namna ya kushangaza. Mawalii wa Bengali ya mashariki hawakumbukwi kwa mahubiri tu, bali kwa kazi za mikono. Khan Jahan, aliyefariki mwaka 1459 na kuzikwa Bagerhat, anasifiwa kwa kufyeka msitu wa Sundarbans, kuchimba mabirika ya maji matamu katika nchi ya maji ya chumvi, kutengeneza barabara na kujenga misikiti, ukiwemo ule unaoitwa wa kuba sitini, ingawa anayezihesabu huzikuta ni nyingi zaidi. Shah Jalal wa Sylhet naye anahusishwa na ufunguzi wa nchi ya mashariki mwanzoni mwa karne ya 14. Msafiri Ibn Battuta, yule yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alifika Bengali miaka ya 1340 kwa nia ya kumwona sheikh huyo, na alistaajabia wingi na urahisi wa mchele wa nchi ile.

Imani iliyotokana na maisha hayo haikuwa na kuta nene. Eaton anaeleza hatua tatu: kwanza majina ya Kiislamu yaliingizwa kando ya nguvu za kiroho za wenyeji, kisha yakalinganishwa nazo, na mwishowe yakachukua nafasi yake. Katika Sundarbans hatua ya pili haijakwisha. Warina asali na wakata kuni, Wahindu kwa Waislamu, kabla ya kuingia msituni humwomba ulinzi Bonbibi, mwanamke wa msitu ambaye hadithi humleta kutoka Uarabuni ili awakinge wanyonge na Dakshin Rai, bwana wa chui milia. Neno bibi katika jina lake ni lile lile tulilo nalo katika Kiswahili, nasi tulilipata kwa njia ya bahari hiyo hiyo ya Hindi.

Sensa ya mwaka 1872 na mshangao wake

Waingereza walitawala Bengali kwa zaidi ya karne moja bila kujua idadi ya dini za raia wao. Walidhani kwamba Waislamu ni watu wa mijini na wa makasri: mabaki ya utawala uliopita, wanaopatikana Murshidabad, Dhaka na Gaur. Sensa ya mwaka 1872, iliyoandaliwa na Henry Beverley, ilipindua dhana hiyo. Ilionekana kwamba Waislamu walikaribia nusu ya watu wa Bengali, na kwamba walikuwa wakulima. Katika wilaya za Chittagong, Noakhali, Pabna na Rajshahi walizidi asilimia 70. Huko Bogra walizidi asilimia 80. Wilaya zilizokuwa na miji mikuu ya kale hazikufikia wingi huo.

Beverley alieleza takwimu hizo kwa kusema kwamba watu wa tabaka la chini waliukimbia mfumo wa kasta wa Kihindu. Maelezo hayo yaliwaudhi Waislamu wa tabaka la juu. Khondkar Fuzli Rubbee, diwani wa Nawabu wa Murshidabad, alichapisha mwaka 1895 kitabu cha kuthibitisha kwamba Waislamu wa Bengali ni wazao wa wahamiaji kutoka Uarabuni, Uajemi na Asia ya Kati. Msomaji wa pwani yetu hatashangaa. Hamu ya kujitafutia nasaba ng'ambo ya bahari si ya Wabengali peke yao. Lakini pande zote mbili za mabishano zilikubaliana jambo moja bila kulitamka: kwamba Uislamu wa mkulima unahitaji kuelezwa kwa asili yake, ama ya damu ama ya kasta, na si kwa kazi yake.

Nadharia ya kasta ina udhaifu ambao Eaton ameuonyesha vizuri. Mfumo wa kasta ulikuwa na nguvu zaidi magharibi, ambako watu hawakusilimu kwa wingi, na ulikuwa dhaifu mashariki, ambako walisilimu. Hata hivyo, makala haya hayakubali kwamba nadharia ya msitu inatosha kwa kila wilaya. Ushahidi wake wa hati unatoka hasa Chittagong na Sylhet. Bogra, iliyoongoza kwa asilimia ya Waislamu mwaka 1872, ndiyo nchi ya Mahasthan, magofu ya mji wa Pundra uliokuwapo tangu karne ya tatu kabla ya Kristo. Nchi hiyo haikuwa pori tupu lililosubiri shoka la sheikh. Ilikuwa imekaliwa, imelimwa, na imepitia Ubudha wa wafalme wa Pala, ambao monasteri yao kubwa ya Paharpur haiko mbali. Hapo inabidi tutafute sababu nyingine: pengine kuporomoka kwa taasisi za Kibudha, pengine nchi ya mito ya mashariki ya wilaya hiyo ndiyo iliyobeba wingi wa watu. Nadharia moja haiwezi kutumika kutoka Bogra hadi Chittagong kana kwamba delta nzima ilikuwa shamba moja.

Mwenye ardhi na mwenye jembe

Tofauti ya dini ilipata makali ilipolingana na tofauti ya uchumi. Kanuni ya kudumu ya kodi ya ardhi iliyowekwa na Cornwallis mwaka 1793 iliwafanya wazamindari kuwa wamiliki wa ardhi mradi wamelipa kodi kwa serikali. Upande wa mashariki wazamindari wengi walikuwa Wahindu, na wakulima waliowalipa pango walikuwa kwa wingi Waislamu. Haji Shariatullah, aliyerejea kutoka Makka na kuanzisha harakati za Faraizi mnamo mwaka 1818, alipambana na ibada alizoziona kuwa za kigeni katika Uislamu wa vijijini. Mwanawe Dudu Miyan alizigeuza harakati hizo kuwa jumuiya ya wakulima iliyokataa michango ya wazamindari, ikiwemo ile ya sherehe za miungu. Ni vigumu kusema ni wapi dini iliishia na pango likaanzia. Mkulima mwenyewe hakuwa na haja ya kutenganisha.

Katika karne ya 19 zao la juti liliongeza uzi mwingine katika kitambaa hiki. Juti ililimwa katika mashamba ya mashariki yanayofurika. Viwanda vya kuifuma magunia vilijengwa kando ya mto Hooghly karibu na Calcutta. Mkulima, dalali, mkopeshaji na mwenye kiwanda waliunganishwa na zao moja, lakini kila mmoja alikaa mahali pake na mara nyingi katika dini yake. Ulipokuja mpaka, mashamba yalibaki upande mmoja na viwanda upande mwingine.

Kutoka asilimia hadi mpaka

Tarehe 16 Oktoba 1905 Lord Curzon aliigawa Bengali. Jimbo jipya la Bengali ya Mashariki na Assam, lenye makao yake Dhaka, lilikuwa na watu wapatao milioni 31, kati yao milioni 18 wakiwa Waislamu. Kwa mara ya kwanza takwimu za sensa ziligeuka kuwa jimbo lenye gavana. Mgawanyo huo ulifutwa mwaka 1911 kutokana na upinzani mkali, hasa wa Wahindu wa Calcutta, lakini wazo lenyewe halikufutika; Chama cha Waislamu kilikuwa kimekwisha kuundwa mjini Dhaka mwezi Desemba 1906.

Miaka ya 1940 ilileta njaa ya mwaka 1943, iliyoua watu wanaokadiriwa kufikia milioni tatu, kisha mauaji ya Calcutta ya Agosti 1946 na yale ya Noakhali miezi miwili baadaye. Pendekezo la Suhrawardy na Sarat Bose la kuwa na Bengali moja huru halikupata nguvu. Tarehe 20 Juni 1947 wabunge wa jimbo walipiga kura, na ugawaji ukapita.

Sir Cyril Radcliffe, mwanasheria ambaye hakuwa amewahi kukanyaga India, aliwasili tarehe 8 Julai. Aliagizwa kutenganisha maeneo yanayopakana yenye Waislamu wengi na yale yenye wasiokuwa Waislamu wengi, huku akizingatia pia mambo mengine. Katika maneno hayo ya mwisho ndimo mto ulimopita. Wilaya ya Murshidabad ilikuwa na Waislamu zaidi ya nusu. Kwa kanuni ya asilimia ilistahili kwenda Pakistan. Lakini Bhagirathi huchepuka kutoka Ganga karibu na wilaya hiyo, na bandari ya Calcutta iliyategemea maji yake ili isijae matope. Radcliffe akaipa India Murshidabad, na Pakistan ikapata Khulna, ambako wasiokuwa Waislamu walizidi kidogo. Kwa namna hiyo hiyo milima ya Chittagong, ambayo wakazi wake karibu wote hawakuwa Waislamu, ilikwenda Pakistan pamoja na bandari iliyo chini yake.

Uamuzi ulitangazwa tarehe 17 Agosti, siku mbili baada ya uhuru. Kwa siku hizo bendera ya Pakistan ilipepea Murshidabad, na ile ya India ikapepea Khulna. Watu walisherehekea nchi ambayo haikuwa yao.

Yaliyofuata yalikuwa ya polepole kuliko yale ya Punjab, na kwa sababu hiyo hayakuonekana sana. Wahindu waliihama Bengali ya Mashariki kwa mawimbi, mwaka 1950, mwaka 1964, na kwa wingi mno mwaka 1971, ambapo wakimbizi wapatao milioni 10 wa dini zote waliingia India. Wengi walirudi baada ya vita, si wote. Wahindu waliokuwa takribani asilimia 22 mwaka 1951 walikuwa chini ya asilimia 8 mwaka 2022. Upande wa magharibi, Waislamu walifikia asilimia 27 mwaka 2011, na Murshidabad ilibaki na Waislamu asilimia 66. Kwa hiyo mpaka haukuzitenganisha dini kama ulivyokusudiwa. Uliifanya dini iliyo chache kila upande iishi kwa kuulizwa uraia wake.

Maji nayo hayakutii. Mabishano kuhusu mpaka wa mto Ganga kati ya Murshidabad na Rajshahi yalifikishwa mbele ya baraza la usuluhishi lililoongozwa na jaji wa Uswidi, Algot Bagge, ambalo lilitoa uamuzi wake mwaka 1950. Mwaka 1975 India ilianza kutumia ukuta wa Farakka, wenye milango ya kuzuia maji ya Ganga na kuyapeleka katika Bhagirathi kwa ajili ya bandari ile ile iliyomfanya Radcliffe aichukue Murshidabad. Mwaka uliofuata Maulana Bhashani aliongoza maandamano marefu ya wananchi wa Bangladesh kuelekea mpakani, na mkataba wa kugawana maji ulitiwa saini Desemba 1996 kwa muda wa miaka 30. Huku Khulna chumvi ya bahari hupanda mitoni wakati wa kiangazi. Huko Malda na Murshidabad mto hula kingo zake, humeza vijiji, na kuvitapika kama visiwa vya mashapo ambavyo Wabengali huviita char. Kisiwa cha aina hiyo kinapoibuka upande wa pili wa mkondo, aliyepoteza shamba lake huenda kulitafuta huko. Na kwa kuwa uzio wa India umejengwa nyuma ya mpaka kwa kiasi cha yadi 150, wako wakulima ambao kila asubuhi huacha vitambulisho vyao kwa askari wa lango kabla ya kwenda kupalilia mpunga katika nchi yao wenyewe.